Kapteni Owen na Bendera ya Mombasa

Siku moja hapa Mkata watoto wa darasa la juu walikuwa wakitazama ramani ya pwani yetu, tangu mdomo wa mto Pangani hata Malindi. Mmoja wao akaweka kidole chake kando ya kisiwa cha Mombasa, akasoma polepole, "Port Reitz." Kisha akauliza, "Neno hili ni la kabila gani? Si Kiswahili, wala halifanani na Kiingereza tunachofundishwa." Mwalimu wake hakuwa na jibu siku ile, wala hakuona haya kusema hivyo, akatuletea sisi swali lake.

Twaliliona kuwa swali jema. Maana nyuma ya jina lile iko habari ya kijana aliyekufa kwa homa katika safari ya kwenda kuutazama mto wetu wenyewe, huu upitao Korogwe na Hale hata ukaingia baharini Pangani. Na nyuma ya kijana yule iko habari ya mkuu wake, Kapteni William Fitzwilliam Owen, mwanamaji wa Kiingereza, aliyeanza kazi katika karne ya kumi na nane, na katika uzee wake akawa mtu wa baraza la kutunga sheria. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, ili wazazi wawasomee watoto wao jioni, na walimu wapate la kusema kidole cha mtoto kikitua mahali pale tena.

Mtoto aliyefiwa

Owen alizaliwa Manchester, katika nchi ya Uingereza, mwaka wa 1774. Baba yake naye aliitwa William Owen, naye alikuwa ofisa wa manowari, aliyepoteza mkono wake wa kuume vitani huko Bara Hindi. Baada ya vita alipewa kisiwa kiitwacho Campobello, karibu na pwani ya Kanada, kuwa mali yake na ya jamaa yake. Lakini hakukaa sana. Akarudi kwenye utumishi wa bahari, akafa Bara Hindi mwaka wa 1778. Akaacha watoto wawili wanaume, Edward na William, waliozaliwa nje ya ndoa. Huyu wetu alikuwa na umri wa miaka minne tu, wala hakuwa na urithi wa kumtegemeza.

Mlezi wao alikuwa rafiki wa marehemu baba yao, Sir Thomas Rich, ofisa wa manowari. Hata mwaka wa 1788, William alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mlezi wake akamwingiza chomboni, katika manowari iliyoitwa Culloden. Kwa desturi za siku zile umri huo haukuwa mdogo. Mtoto alijifunza mle mle merikebuni: kupanda mlingoti wakati wa tufani, kufunga na kufungua matanga, kusoma nyota, kufanya hesabu, kutii amri na baadaye kuitoa.

Twasoma kwamba alikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, mwepesi wa kusema moyo wake hata mbele ya wakubwa. Tabia hii ilimchelewesha kupanda daraja, tena ndiyo iliyomponza Mombasa, kama tutakavyoona. Alitumika vitani chini ya Nelson mwaka wa 1801, kisha akapelekwa bahari ya Hindi, akawa nahodha wa chombo kidogo kiitwacho Seaflower. Mwaka wa 1808 alikamatwa na Wafaransa, akafungwa katika kisiwa cha Mauritius hata mwaka wa 1810. Humo kifungoni alikutana na Matthew Flinders, mwanamaji mashuhuri aliyepima pwani za Australia, naye pia alikuwa mfungwa. Mwaka wa 1811 akapewa cheo cha kapteni kamili.

Kazi ya kupima bahari

Vita vilipokwisha, wanamaji wengi walikaa bure bila kazi. Owen alipata kazi ambayo haikuwa ya mizinga: kupima maji na kuandika ramani. Tangu mwaka wa 1815 hata 1817 alipima maziwa makuu ya Kanada. Kisha mwaka wa 1821 akachaguliwa kupima pwani ya Afrika, kwa maana ramani zilizokuwako zilikuwa na makosa mengi, na vyombo vilipotea miambani.

Alipewa merikebu mbili, Leven na Barracouta. Wakaondoka Uingereza mwaka wa 1822. Inafaa tueleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana watu wengi hutazama ramani bila kujua jasho lililomo ndani yake.

Chombo kikubwa hukaa nje, penye kina. Mashua huteremshwa, na watu huvuta makasia kuelekea ufuoni. Mbele ya mashua husimama baharia mwenye bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwa kamba yenye alama. Huitupa majini, huisikiliza kwa mkono ikigusa chini, kisha huita hesabu ya pima. Chini ya bildi hupakwa shahamu, ili mchanga au tope au vipande vya marijani vishike, nahodha apate kujua chini kukoje. Ofisa hupima pembe kati ya kilima na mnazi na ncha ya kisiwa, huandika. Ndivyo walivyofanya siku baada ya siku, katika jua na mvua.

Tena walichukua saa za bahari, saa zilizotengenezwa kwa ustadi mwingi, zikishika wakati wa Greenwich. Dunia hugeuka digrii 15 kwa saa moja. Basi mtu akiona kwamba adhuhuri ya Mombasa hutangulia adhuhuri ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 39 hivi, ajua kwamba Mombasa iko karibu digrii 39 na theluthi mbili upande wa mashariki. Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hiyo ubaoni. Ni hesabu ile ile iliyofanywa na maofisa wa Owen.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Mashua ziliingia katika midomo ya mito na mikoko, na watu walilala humo usiku. Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua kwamba homa ya malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka wa 1897. Watu walidhani ni hewa mbaya itokayo topeni, na waganga wa manowari waliwatoa damu wagonjwa, wakazidi kuwadhoofisha. Owen aliporudi Uingereza mwaka wa 1826 alichukua ramani mpya zipatazo 300, na urefu wa pwani zilizopimwa ulikuwa kama maili 30,000. Lakini zaidi ya nusu ya wale waliotoka naye walikuwa wamekufa, walio wengi kwa homa.

Mombasa mwaka wa 1824

Sasa twaja kwenye jambo lililotugusa sisi wenyewe wa pande hizi. Mwaka wa 1698 Waarabu wa Omani waliwatoa Wareno katika ngome ya Mombasa. Baadaye utawala wa mji ukashikwa na maliwali wa ukoo wa Mazrui. Na enzi ya Omani ilipopita kwa ukoo wa Busaidi, Wamazrui hawakukubali kuwa chini yao. Wakatawala Mombasa kwa nguvu zao wenyewe, na Pemba pia ikawa yao. Hata akainuka Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu mwaka wa 1806, mtu hodari katika biashara na vita. Akawanyang'anya Pemba, penye mpunga uliolisha Mombasa, na wote wakajua kwamba zamu ya Mombasa yenyewe i karibu.

Wamazrui walitafuta msaada. Waliomba kwa Waingereza wa Bombay, wakakataliwa, kwa kuwa Waingereza walikuwa na urafiki na Sayyid Said. Desemba ya mwaka 1823 Barracouta ikafika Mombasa chini ya Kapteni Vidal. Wakubwa wa mji wakamsihi awape bendera ya Kiingereza, wawe chini ya ulinzi wake. Vidal akajibu kwamba hana amri ya kufanya hivyo, akaenda zake.

Wakati ule ule Owen alikuwa Maskati, akazungumza na Sayyid Said juu ya biashara ya watumwa. Kwa maana katika safari yake yote Owen alikuwa ameona jambo moja lililomchoma moyo. Kila bandari aliyoingia kupima kina cha maji, aliona watu wakipakiwa vyomboni kama mizigo. Alitamani biashara ile ikome kabisa. Mapatano yaliyofanywa na Sayyid mwaka wa 1822 yalikataza watumwa wasiuzwe kwa Wakristo tu. Owen aliona hayo ni machache mno.

Basi tarehe 7 Februari 1824 Leven ikaingia Mombasa. Na tazama, juu ya ngome ilikuwa ikipepea bendera ya Kiingereza! Hakuna Mwingereza aliyeipandisha. Watu wa Mombasa walikuwa wameishona wenyewe, kwa kadiri walivyoikumbuka, wakaitundika iwe ngao yao.

Hapo Owen alikuwa na njia mbili. Angeweza kujibu kama Vidal, "Sina amri." Na kweli hakuwa nayo, alitumwa kupima maji, hakutumwa kutwaa miji. Lakini aliona mlango umefunguka mbele yake. Akawaambia wakubwa wa mji kwamba atawakubalia ikiwa wao nao watakubali kukomesha biashara ya watumwa. Wakakubali. Tarehe 9 Februari mapatano yakaandikwa. Liwali Sulaiman bin Ali wa ukoo wa Mazrui ataendelea kutawala, na jamaa yake baada yake. Waingereza watawasaidia kurudishiwa nchi zao zilizochukuliwa. Ofisa wa Kiingereza atakaa Mombasa. Mapato ya forodha yatagawanywa nusu kwa nusu. Na biashara ya watumwa itakoma. Na nchi iliyotajwa kuwa ya Mombasa ilikuwa pwani yote tangu Malindi hata mto Pangani, pamoja na Pemba.

Ndugu wasomaji, angalieni mpaka ule wa kusini. Maji yale yale yanayopita Korogwe yaliandikwa katika mapatano yale kuwa ukomo wa bendera. Babu zetu waliokaa ng'ambo hii ya mto, Wazigua wa Handeni na Mkata, walikuwa nje ya mstari, wala hakuna aliyewauliza. Wala hawakujua kwamba mstari umepigwa.

Kijana Reitz

Owen alikuwa hawezi kukaa. Kazi yake ya ramani ilimngoja. Akamweka Mombasa Luteni John James Reitz, kijana wa ukoo wa Kiholanzi kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Pamoja naye akamwacha kijana mwanafunzi wa uofisa, jina lake George Phillips, na koplo mmoja, na mabaharia watatu. Watu sita! Hao ndio waliokuwa ulinzi wa Uingereza tangu Malindi hata Pangani. Owen akampakia Mbaruk bin Ahmed wa Wamazrui, ili aende Mauritius akaonane na gavana wa kule na kuisemea nchi yake, akatweka tanga.

Reitz alikuwa na bidii. Alitaka kuiona nchi aliyopewa kuitunza, hata mpaka wake. Mwezi wa Mei 1824, katika mvua za masika, akashika njia ya kusini kwenda kuuona mto Pangani. Homa ikampata safarini. Walimchukua kumrudisha Mombasa, lakini kabla mwezi ule haujaisha alikuwa amekufa. Alikuwa amekaa katika kazi yake muda wa miezi mitatu na zaidi kidogo. Ile hori kubwa ya upande wa magharibi ya kisiwa cha Mombasa ikaitwa kwa jina lake, nayo ndiyo Port Reitz ambayo mtoto wetu aliiona katika ramani.

Phillips, aliyekuwa bado kijana sana, akabaki mkubwa wa mahali, hata mwezi wa Agosti alipokuja Luteni James Barker Emery. Huyu alikaa karibu miaka miwili. Alikuwa mtu wa kuandika, na kitabu chake cha kila siku hutumika hata leo na wenye kuchunguza historia ya Mombasa. Watumwa waliokamatwa katika vyombo walifunguliwa, wakapewa mahali pa kukaa na kulima ng'ambo ya bara, kuelekea mji wa kale. Mahali pale paliitwa English Point, na jina hilo lipo hata sasa. Tena katika bandari ya kale ya Mombasa ziko ngazi na nyumba ziitwazo Leven, kwa ukumbusho wa merikebu ya Owen.

Mioyo mitatu chini ya bendera moja

Lakini urafiki ule ulianza kuchacha. Wamazrui waliona nusu ya forodha yao ikitoka, na Pemba haijarudi. Waliokuwa wakipata faida kwa watumwa walinung'unika. Emery alijaribu kukaza, lakini mkono wake ulikuwa mfupi, na habari kutoka Uingereza zilichukua miezi mingi kufika.

Na kule London wakubwa walikuwa wakipima jambo kwa mizani nyingine. Walitaka Sayyid Said awe rafiki yao katika bahari ya Hindi na Ghuba ya Ajemi. Hawakupenda kumkosa kwa ajili ya mji mmoja, nao waliona Owen ametenda bila ruhusa. Wakakataa kuyathibitisha mapatano. Mwezi wa Julai 1826 manowari Helicon ikafika Mombasa, bendera ikateremshwa, na Emery na watu wake wakaondoka.

Tukilitazama jambo hili kwa makini twaona kwamba chini ya bendera ile moja palikuwa na mioyo mitatu. Wamazrui waliitaka bendera kwa kumwogopa Sayyid Said. Habari ya watumwa waliikubali kama mtu akubalivyo bei asiyoipenda. Owen aliitaka kwa ajili ya watumwa. Ugomvi wa Wamazrui na Wabusaidi kwake ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Na serikali yake haikuitaka kabisa. Wazee wetu husema, "Bendera hufuata upepo." Upepo wa London ulipogeuka, bendera ya Mombasa haikuwa na nguvu ya kushindana nao.

Na waliobaki je? Sayyid Said alirudi kwa nguvu mwaka wa 1828, akashindwa kuishika ngome. Akarudi tena, hata mwaka wa 1837 Mombasa ikawa yake. Wakubwa wa Wamazrui walikamatwa kwa hila wakahamishwa ng'ambo, wasionekane tena. Watu walioshona bendera kwa mikono yao walijifunza kwamba nguo iliyotundikwa mlingotini si ahadi, isipokuwa nyuma yake pana mtu mwenye uwezo wa kuitimiza.

Na ng'ambo hii ya mto, katika miaka ile ile ya 1830, njaa kuu iliingia nchi ya Wazigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, wengi wakanaswa, wakapakiwa vyomboni, wakauzwa katika pwani ya Banadiri, nchi ya Somalia. Waliotoroka kutoka mikononi mwa mabwana zao walikimbilia mto Juba, wakajenga vijiji katika misitu yake, wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vilipozuka Somalia mwaka wa 1991, maelfu ya wajukuu wao wakakimbia, na baadhi wakafika katika wilaya yetu ya Handeni, wakapewa kukaa Chogo, na wengi wao wakapata uraia wa Tanzania. Wenyeji waliwasikia wakisema lugha ya babu zao.

Hatusemi kwamba kama bendera ile ingalikaa, watu wale wasingaliuzwa. Mto ulikuwa mpaka, na watu sita na ngome moja wasingaliweza kulinda pwani yote. Lakini twasema hivi: wale wanaopima mambo ya nchi wakiwa mbali, wakiandika faida upande huu na hasara upande huu, mara nyingi katika hesabu yao husahau safu moja, nayo ni safu ya watu wasio na mtu wa kuwasemea.

Uzee wake

Owen hakuacha nia yake. Mwaka wa 1827 alitumwa pwani ya magharibi ya Afrika, katika kisiwa cha Fernando Po, kuweka kituo cha kuzuia vyombo vya watumwa. Akauanzisha mji wa Clarence, ambao ndio Malabo wa leo. Huko nako homa iliwaua watu wake wengi, naye akaondoka mwaka wa 1829.

Mwaka wa 1835 akahamia Campobello, kisiwa kile alichopewa baba yake, kilicho katika jimbo la New Brunswick. Huyo mtoto asiye na urithi sasa akawa mwenye kisiwa. Ndugu yake Edward naye alikuwa amepanda sana, akawa admirali, na tangu mwaka wa 1826 hata 1829 aliketi katika Bunge la Uingereza. William akafuata njia hiyo katika nchi yake mpya. Mwaka wa 1837 wapiga kura walimchagua kuwa mjumbe wa bunge la New Brunswick, na tangu mwaka wa 1843 akawa katika baraza la juu la kutunga sheria. Siku ambazo hapakuwa na kasisi kisiwani, yeye mwenyewe aliwasomea watu wake sala.

Wala bildi hakuiweka chini. Tangu mwaka wa 1842 hata 1847, akiwa amekwisha kupita miaka sitini, alipima ghuba ya Fundy. Wavuvi wetu wa Pangani wayajua maji makuu na maji mafu. Lakini katika ghuba ile maji hujaa na kupwa kupita mahali pote duniani, na penginepo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 16, yaani kimo cha mnazi mrefu. Mzee yule akaipima. Mwaka wa 1847 akapewa cheo cha admirali, akafa tarehe 3 Novemba 1857 mjini Saint John, naye ana umri wa miaka 83.

Jibu la mtoto

Sasa tumrudie mtoto wetu na ramani yake. Twaweza kumjibu: Reitz ni jina la kijana aliyetaka kuuona mto wako, akafa kwa homa, na aliyemtuma alikuwa na haraka ya kutenda mema.

Walimu wengine watauliza, Je, Owen alitenda vyema au vibaya? Swali hilo lafaa kuzungumzwa, wala sisi hatutalifunga. Aliona udhalimu, akaona nafasi, hakungoja karatasi. Kwa jambo hilo twamheshimu. Wengi kabla yake waliona mambo yale yale, wakaandika kina cha maji, wakaenda zao. Lakini aliahidi kwa jina la watu ambao hawakumtuma kuahidi, na ahadi ni deni. Deni lile hakulilipa yeye. Lililipwa na Reitz, na kwa namna nyingine na Wamazrui, na zaidi ya wote na wale waliofunguliwa, wakaona bendera ikiteremshwa huku wao wamebaki pale pale ufuoni.

Hata hivyo mbegu ile haikuoza. Mwaka wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mapatano ya Sayyid Barghash. Na mwaka uliofuata, ng'ambo ile ile ya bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, si mbali na English Point, wamisionari walianza kujenga Freretown, kijiji cha watumwa waliofunguliwa. Ilikuwa miaka hamsini tangu Leven kutia nanga. Na katika nchi yetu ya Tanganyika utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka wa 1922.

Sisi wazazi na walimu mara nyingi huwaahidi watoto na majirani mambo ambayo uwezo wake uko mikononi mwa wengine: nafasi ya shule, kazi mjini, msaada wa wakubwa. Twafanya hivyo kwa moyo mwema, kama Owen. Basi kabla ya kupandisha bendera juu ya mlingoti wa mtu mwingine, na tuulize kwanza ni nani atakayesimama chini yake siku upepo utakapogeuka. Na ikiwa jibu ni kwamba tutasimama sisi wenyewe, hapo tuipandishe bila hofu.

Mtoto yule, alipokwisha kuambiwa habari hizi, alinyamaza kidogo. Kisha akachukua kalamu ya risasi, akaweka nukta ndogo mahali ilipo Mkata, upande wa kusini wa mto, maana katika ramani ile haikuandikwa.